Okestra Nzima Juu ya Meza ya Chakula

Bila shaka umekwisha kusikia katika filamu au michezo ya televisheni fidla nyingi zikilia kwa pamoja pale mama wa mchezo anapopokea barua ya msiba, au matarumbeta yakivuma wakati jeshi linapoteremka mlimani. Yamkini ulidhani, kama wengi wetu tunavyodhani, kwamba mahali fulani palikuwa na ukumbi mkubwa, watu themanini waliovaa mavazi meusi, na mwongozaji mbele yao ameshika kijiti. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini siku hizi aghalabu hapakuwa na ukumbi wala watu themanini. Palikuwa na mtu mmoja, kinanda kimoja cha umeme na kompyuta, naye aliifanya kazi hiyo usiku, watoto wakiwa wamelala.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya kijana, au mzazi wa kijana, anayetaka kujua kazi hiyo hufanywaje na mtu ataanzia wapi kuijifunza. Ni vema kusema mapema kwamba kompyuta ndiyo sehemu iliyo rahisi. Fundi wa kompyuta asiyejua kwa nini mpiga filimbi hukatisha sauti na kuvuta pumzi atatoa kelele zilizopangwa vizuri. Mwimbaji wa kwaya ambaye hajawahi kugusa mashine, lakini anajua jinsi soprano, alto, tenori na besi zinavyopokezana, ana nusu ya elimu hiyo tayari mfukoni.

KUTOKA UTEPE HADI SAMPULI

Muziki wa kompyuta si jambo la jana. Mwaka 1957 mhandisi Max Mathews wa maabara za Bell, Marekani, aliandika programu aliyoiita MUSIC, na kompyuta kubwa ya IBM 704 ikafaulu kutoa wimbo wa sekunde 17. Hakuna aliyeusikia akadhani ni okestra. Mlango ulifunguka zaidi mwaka 1968, Wendy Carlos alipotoa santuri ya nyimbo za Bach iliyoitwa Switched-On Bach, iliyopigwa yote kwa mashine ya sinthesaiza iliyoundwa na Robert Moog.

Mashine hiyo inastahili kuelezwa kidogo, maana mwanafunzi wa leo hawezi kuamini. Ilikuwa kabati la swichi na nyaya za kuchomeka huku na huku, nayo ilitoa noti moja tu kwa wakati mmoja. Ukibonyeza vidole vitatu, kinaitikiwa kimoja. Kwa hiyo Carlos alilazimika kuurekodi mstari mmoja wa Bach kwenye utepe wa kinasa sauti, kisha kuurudisha utepe na kuongeza mstari wa pili juu yake, kisha wa tatu, na kila mara mashine ilipoanza kupotea sauti ilibidi asimame airekebishe. Santuri hiyo ilipata tuzo tatu za Grammy mwaka 1970. Miaka minne baadaye Isao Tomita wa Japani akafanya vivyo hivyo kwa muziki wa Mfaransa Debussy.

Hata hivyo sauti hizo zilikuwa za umeme, wala hazikujifanya fidla. Waliotaka fidla yenyewe walipita njia nyingine. Mwaka 1963 huko Birmingham, Uingereza, kiliundwa kinanda cha Mellotron, ambacho chini ya kila kibonyezo kilikuwa na kipande cha utepe kilichorekodiwa mpigaji halisi akipiga noti ile. Ukibonyeza, utepe unapita. Ukiachia, springi inaurudisha mahali pake. Utepe ulikuwa wa sekunde nane hivi, ukiisha umeisha, hata kama wimbo unataka kuendelea. Watu walikilalamikia sana, lakini mimi naona kasoro ile ilikuwa na heri yake: ilimlazimisha mpiga kinanda ainue mkono, kama vile mpuliza filimbi anavyolazimika kupumua.

Mwaka 1979 Waaustralia wawili, Peter Vogel na Kim Ryrie, waliondoa utepe wakaweka kompyuta. Mashine yao ya Fairlight iliweza kunasa sauti yoyote kwa muda wa kama sekunde moja na kuipiga katika noti zote za kinanda. Kipande hicho cha sauti iliyonaswa ndicho kinachoitwa sampuli. Huko Uingereza Fairlight iliuzwa kwa paundi 18,000 hivi, fedha za kununulia nyumba.

Kisha ukaja mwaka 1983 na mapatano ya MIDI, yaliyosukumwa mbele na Ikutaro Kakehashi wa Japani na Dave Smith wa Marekani, ili vinanda vya makampuni mbalimbali viweze kuzungumza lugha moja. Wengi hudhani kwamba MIDI ni sauti. Sivyo. Ni kama karatasi ya vipimo apelekewayo fundi cherehani, ambayo ndani yake hamna nguo. Husema tu kwamba kibonyezo fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 1 na 127, kikaachiwa wakati fulani. Nguo yenyewe, yaani sauti, hutoka kwingine. Ndiyo maana waweza kuandika mstari leo ukausikiliza kwa filimbi, na kesho ukaamuru upigwe na selo bila kubadili hata noti moja.

Kilichokuwa bado kukamilika ni ghala la sauti zenyewe. Huko Vienna, Austria, Herb Tucmandl, ambaye mwenyewe alikuwa mpigaji selo, alianzisha mwaka 2000 kazi ya kuwarekodi wapigaji noti kwa noti: laini, kali, fupi, ndefu, na hata ule mtelezo mdogo wa kutoka noti moja kwenda nyingine. Ghala hilo, Vienna Symphonic Library, lilianza kuuzwa mwaka 2002. Makampuni mengine yamefuata nyayo hizo.

RIZIKI YA MPIGA FIDLA

Hapa msomaji mfanyakazi atauliza swali la haki: na wale wapigaji je?

Swali hilo liliulizwa mapema. Mwaka 1982 tawi la London ya kati la chama cha wanamuziki wa Uingereza lilipitisha azimio la kutaka sinthesaiza zipigwe marufuku, kwa kuwa zilichukua nafasi za wapiga fidla katika ziara za waimbaji wakubwa. Chama kwa jumla hakikulifuata azimio hilo. Kali zaidi lilikuwa jambo la New York mwezi Machi 2003. Wamiliki wa majumba ya michezo ya kuimba ya Broadway walitaka kupunguza idadi ya chini ya wapigaji walioajiriwa katika kila jumba, wakaandaa mashine zilizoitwa okestra bandia ili zipige iwapo wanamuziki wangegoma. Wanamuziki waligoma. Waigizaji na mafundi wa jukwaani wakakataa kuvuka mstari wa wenzao, na michezo ikafungwa kwa siku nne. Mapatano yaliyofikiwa yalipunguza idadi katika majumba makubwa kutoka wapigaji 24 hadi 26 ikawa 18 au 19. Wapigaji hawakushindwa kabisa, wala hawakushinda.

Katika pwani yetu jambo hili lilipita bila mgomo. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, na baadaye Culture Musical Club, vilikuza taarabu ya okestra kamili: safu ya fidla, ganuni, udi, kodiani, selo na lile besi kubwa la kusimama. Taarabu ya kisasa ilipoenea katika miaka ya 1990, kinanda cha umeme kilibeba peke yake mzigo wa safu nzima ya fidla. Kilikuwa rahisi kusafirisha, na fedha za mlangoni ziligawanywa kwa watu wachache. Lakini sikiliza kwa makini: fidla haina vikato shingoni mwake kama gitaa, hivyo kidole chaweza kutua baina ya noti mbili za kinanda, mahali ambapo nyimbo za mtindo wa Kiarabu hupata uchungu wake. Kinanda cha kawaida hakina mahali hapo, isipokuwa vile vilivyotengenezwa kwa kusudi hilo.

Nasema haya ili mwanafunzi ajue anachoshika. Sampuli unayoibonyeza ni mkono wa mtu aliyeketi chumbani akapiga noti ileile mara nyingi hata akachoka. Na ukimwelewa mtu yule, kazi yako itakuwa nzuri zaidi hata kama hutamwona kamwe.

ANZA NA KWAYA

Vijana wengi huanza kwa kufungua sauti iitwayo “fidla zote”, wakaweka vidole kumi juu ya kinanda, na kushangilia. Sauti ni tamu, lakini hiyo si okestra. Ni kinanda kilichovaa kanzu ya fidla. Okestra kubwa huwa na fidla za kwanza 16 hivi, fidla za pili 14, viola 12, selo 10 na besi 8, na kila kundi lina mstari wake, kama kwaya.

Basi chukua wimbo wa kwaya wa sauti nne unaoujua kwa moyo. Soprano wape fidla za kwanza, alto wape fidla za pili, tenori wape viola, besi wape selo. Besi kubwa ziandikie mstari uleule wa selo, nazo zitasikika chini zaidi kwa hatua nane, kama baba anayeimba pamoja na mwanawe. Rekodi kila mstari peke yake, ukitumia sauti ya kundi lile tu. Mara utakutana na tatizo la kweli: alto imeshuka hadi noti ya F, na fidla haishuki chini ya G iliyo chini ya katikati ya kinanda. Kompyuta nyingine itanyamaza. Nyingine itabuni sauti isiyokuwako duniani. Utalazimika kuamua kama noti ile ipewe viola au mstari mzima ubadilishwe. Siku utakapotatua tatizo hilo mwenyewe ndipo umeanza kujifunza upangaji wa okestra.

Baada ya fidla, waite wapulizaji. Imba mstari wa klarineti kwa pumzi moja, na pale utakaposhindwa, weka nafasi. Filimbi katika noti zake za chini ni dhaifu na yenye mvuke, nzuri sana peke yake, lakini matarumbeta yakilia haisikiki. Katika kompyuta waweza kuipandisha sauti hadi ikazima tromboni tatu. Usifanye hivyo, kwani msikilizaji atahisi kwamba kuna uongo hata kama hataweza kuutaja, na iwapo siku moja muziki wako utapigwa na watu ukumbini, mpiga filimbi yule atakutazama tu.

Walimu wa jambo hili ni wa kale, nao hawatoi ankara. Nikolai Rimsky-Korsakov wa Urusi aliandika kitabu cha kanuni za upangaji wa okestra kilichochapishwa mwaka 1913, miaka mitano baada ya kifo chake, na hadi leo kinasomwa. Lakini kama ningepewa nafasi ya kuchagua somo moja tu, ningechagua hili. Mwaka 1874 Modest Mussorgsky alitunga kwa ajili ya piano mfululizo wa vipande kuhusu picha za maonyesho ya rafiki yake aliyefariki. Mwaka 1922 Maurice Ravel aliuvika mfululizo huo okestra. Tafuta vyote viwili, pamoja na karatasi za noti, usikilize kipande kwa kipande.

Mwanzoni kabisa piano inapiga wimbo wa kutembea. Ravel amempa tarumbeta moja, peke yake, kisha kundi la shaba linaitika. Kwa nini hakuanza na fidla? Jaribu mwenyewe katika kompyuta: wape fidla mstari ule na usikilize unavyopoteza kifua. Penye ngome ya zamani, Ravel amempa saksofoni wimbo wa huzuni, ala ambayo kwa kawaida haina kiti katika okestra. Penye mkokoteni wa ng’ombe, tuba inabeba mzigo, na wakati piano ya Mussorgsky inaanza kwa kishindo, okestra ya Ravel inaanza taratibu, inakua, kisha inafifia, hivyo unauona mkokoteni ukija na kupita. Noti ni zilezile. Mwanafunzi atakayekaa na vipande vitatu hivyo kwa mwezi mzima, akivinakili mstari kwa mstari katika mashine yake, atapata faida kubwa kuliko yule aliyenunua maghala kumi ya sauti.

DHAMBI ZA MASHINE

Utakapokwisha kunakili utagundua kwamba kazi yako bado inasikika kama saa ya ukutani. Mashine ina tabia zake mbaya, na kila moja ina dawa.

Kwanza, haichoki kurudia. Ukiandika noti ileile mara nane haraka kwa sampuli moja, utasikia bunduki ya rashasha badala ya upinde. Maghala mazuri hurekodi noti hiyo mara kadhaa na kuzipokezanisha. Ghala lako likiwa halina, badilisha nguvu ya kila noti kidogo kwa mkono. Pili, mashine huanza noti zote kwa nukta moja, jambo ambalo watu sitini hawawezi. Programu zina kitufe cha kunyoosha noti ziwe sawa na mapigo. Kitumie kwa ngoma, lakini fidla ziache zipishane. Tena fidla laini huchukua muda kidogo kuchanua sauti, hivyo zisogeze mbele kidogo ya pigo, la sivyo zitaonekana kuchelewa kazini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, noti ndefu katika mashine hulala chali. Mpiga selo hashikilii noti ya mapigo manne kwa nguvu ileile. Huikuza, huipunguza, huielekeza kwenye noti inayofuata. Upande wa kushoto wa vinanda vingi kuna gurudumu dogo, na maghala mengi ya okestra hulitumia kuongoza ukali na upole wa sauti. Mkono wa kulia upige, wa kushoto usogeze gurudumu. Usilichore umbo hilo kwa kipanya cha kompyuta. Cheza, sikiliza, futa, cheza tena. Huu ndio upinde wako.

MATUMIZI YA NYUMBANI

Mama au baba atakayeombwa fedha anayo haki ya kujua kinachohitajika kweli. Kompyuta ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 inatosha kuanzia, ingawa 16 ni bora. Kinanda kidogo cha vibonyezo 49 au 61 chenye waya wa kuunganisha kinatosha, hata cha mkono wa pili, mradi gurudumu lake linafanya kazi. Programu ya MuseScore, ambayo huandika noti na kuzipiga, haitozwi fedha, na toleo lake la nne la Desemba 2022 lilikuja na sauti za okestra nzuri kwa kushangaza. LMMS nayo ni ya bure. Kampuni ya Spitfire Audio iliirekodi okestra ya BBC jijini London, na mwaka 2020 ikatoa toleo dogo la sauti hizo liitwalo Discover, lililoweza kupatikana bila malipo. Karatasi za noti za watunzi wa kale zimo katika maktaba ya IMSLP kwenye intaneti.

Fedha kidogo zikibaki, nunua vifaa vizuri vya kusikilizia masikioni. Noti ya chini kabisa ya besi kubwa hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kuitoa. Kijana anayepanga okestra kwa spika ya simu hataisikia besi, ataiongeza na kuiongeza, na siku atakayoipeleka kazi yake ukumbini madirisha yatatikisika. Vilevile azoee kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache, kwani umeme haungoji mwisho wa wimbo.

Mashine yako itakapokuwa imefikia mahali pazuri, mtafute mpiga fidla mmoja aliye hai. Watungaji wa muziki wa filamu hufanya hivi mara nyingi: safu nzima ni ya sampuli, na juu yake mtu mmoja halisi anapiga mstari wa kwanza. Sikio hufuata pumzi yake na kuzisamehe nyingine zote. Mwandalie karatasi yake peke yake, yenye hesabu ya vipimo pembeni ili mkisema “turudi kipimo cha 32” asipotee. Mwonyeshe mahali pa kuvuta upinde chini na mahali pa kuusukuma juu, kisha mwache aubadilishe anapoona vingine, maana mkono ni wake. Mpe wimbo siku chache kabla. Na malipo yake yawe yamekwisha kuzungumzwa kabla hajafungua sanduku la fidla.